Johnny Smythe wa Freetown: ndege ya mabomu, kambi ya Wajerumani na joho la wakili

Ukisoma habari za Johnny Smythe wa Sierra Leone, mara nyingi utakuta maisha yake yamekatwa vipande viwili. Cha kwanza ni cha vita: kijana wa Freetown anaruka usiku juu ya Ujerumani ndani ya ndege ya mabomu ya Jeshi la Anga la Uingereza, RAF, anatunguliwa, anafungwa. Cha pili ni cha joho na wigi: wakili, kisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali nchini kwake. Katikati huwekwa sentensi moja nyepesi, "baada ya vita akasomea sheria", kama mtu anayebadilisha shati.

Mimi nakisoma kisa hiki vingine. Sheria ilikuwapo tangu mwanzo. Ndiyo iliyomfungia mlango wa uofisa, ndiyo iliyoufungua, ndiyo iliyomlinda akiwa mikononi mwa Wajerumani, na ndiyo iliyokuwa ikibishaniwa mwaka 1948 alipokuwa ofisa katika meli ya Empire Windrush. Hata habari zake zinazosimuliwa vibaya zinapotea palepale, kwenye sheria. Kwa hiyo tuanze huko, ndege tutaipanda baadaye kidogo.

Sharti la asili ya Kizungu

Mwanzoni mwa 1939, aliyetaka uofisa katika majeshi ya Uingereza alitakiwa awe na wazazi wenye asili halisi ya Kizungu. Halikuwa jambo la kunong'onezana vilabuni. Lilikuwa limeandikwa kwenye kanuni za uandikishaji, na makarani walilifuata kama lilivyo. Daktari Mjamaika aliyeishi Peckham, London, Harold Moody, aliyeongoza chama cha kutetea watu weusi, aliyaona hayo nyumbani kwake mwenyewe: mwanawe Arundel aliomba uofisa wa jeshi la nchi kavu, akakataliwa kwa sababu ya rangi. Kijana huyo alikuwa amezaliwa Uingereza na kusoma huko.

Sasa mtazame Smythe. Alizaliwa Freetown mwezi Juni 1915, Mkrio. Wakrio ni kizazi cha watu waliotoka utumwani: waliovuka bahari kutoka Nova Scotia huko Kanada, Wamaruni wa Jamaika (kizazi cha watumwa watoro), na maelfu waliokombolewa katika meli za watumwa zilizokamatwa baharini. Freetown ilikuwa koloni la Mfalme tangu 1808, na aliyezaliwa humo alikuwa raia wa Mfalme sawasawa na aliyezaliwa Liverpool. Bara ya Sierra Leone ilikuwa na hadhi tofauti. Huko ilikuwa nchi lindwa tangu 1896, na wenyeji wake walihesabiwa kuwa watu wanaolindwa na Mfalme, si raia wake. Msomaji wa Kenya atacheka kidogo hapa, maana kwao mambo yalikuwa kinyume: bara ndiyo iliyokuwa koloni tangu 1920, na ukanda wa pwani uliokodiwa kutoka kwa Sultani wa Zanzibar ndio uliobaki kuwa nchi lindwa.

Kwa hiyo Smythe alikuwa raia kamili wa dola ambayo isingemfanya ofisa. Uraia ulimpa wajibu wote. Haki alizipata nusu.

Vita ilipoanza Septemba 1939, hesabu zilibadilika. Tarehe 19 Oktoba Serikali ya London ilitangaza kwamba raia na watu walindwa kutoka makoloni, hata wasio wa asili ya Kizungu, sasa wako sawa na Waingereza katika kujiunga na majeshi kwa hiari na katika kupewa uofisa wa dharura. Tangazo hilo hutajwa sana kama siku ubaguzi ulipokufa jeshini. Lisome polepole. Linazungumzia watu waliopo tayari ndani ya Uingereza, na aliye Lagos au Freetown hakuguswa bado. Linazungumzia uofisa wa dharura, yaani wa muda wa vita tu, huku uofisa wa kudumu ukibaki ulivyo. Na linasema wako sawa katika kustahili, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kuchaguliwa. Kelele za akina Moody zilisaidia, ila kilichousukuma mlango ni haja. Dola iliyokuwa inajiandaa kupoteza warukaji kwa maelfu haikuweza kuendelea kuchagua ngozi.

Jeshi la anga lilifungua mlango mapema kuliko mengine, na kuanzia 1941 likaanza kuchukua vijana wachache wa Afrika Magharibi wawe warukaji. Wachache kweli. Waliotoka Karibi walikuwa mia kadhaa, lakini Waafrika Magharibi waliowahi kuruka hawakufika hata mia. Miongoni mwao alikuwa Mnaijeria Peter Thomas, aliyepata uofisa na kuwa rubani, akafa Januari 1945. Dada yake, Stella Thomas, alikuwa wakili tangu 1933, na nitamrudia baadaye kwa sababu familia hiyo inatusaidia kuona kwa nini sheria ilikuwa na mvuto wa pekee upande ule wa Afrika.

Huku kwetu Afrika Mashariki, Keya, yaani askari wa King's African Rifles, walipelekwa Abisinia, Madagaska na Burma kwa makumi ya maelfu, na katika vita nzima hakuna Mwafrika wa Keya aliyepewa uofisa. Cheo cha juu kabisa alichoweza kufika Mwafrika kilikuwa chini ya luteni mdogo kuliko wote wa Kizungu. Tangazo la Oktoba 1939 halikuwagusa na wao pia.

Meza yenye pazia

Smythe alisoma Sierra Leone Grammar School, akafanya kazi ya ukarani, akajiunga na kikosi cha ulinzi cha nyumbani, kisha akajitolea kwenda RAF. Huko hakufanywa rubani. Alifanywa nevigeta, yaani mtu anayejua ndege iko wapi na inapaswa kwenda wapi. Watu wanaolisikia jambo hili hudhani alinyimwa usukani. Sivyo hata kidogo. Kazi hiyo ilihitaji hesabu kuliko nyingine zote ndani ya ndege, na watu wengi waliianza wasiimudu.

Nevigeta alikaa kwenye meza ndogo, pazia limemzunguka ili mwanga wa taa yake usionekane nje. Mezani kuna ramani, penseli, bikari ya kupimia masafa, rula na kikokotoo cha duara cha mkononi. Wenzake wanaona anga, miali ya mizinga, na ndege nyingine zikiwaka moto. Yeye anaona karatasi. Anajua mwendo wa ndege ndani ya hewa na anajua inaelekea upande gani, lakini hewa yenyewe inatembea. Upepo wa ubavuni wenye kasi ya kilomita 80 kwa saa unaisukuma ndege kando kwa kilomita 8 kila dakika sita, na hakuna mtu ndani atakayehisi chochote.

Dakika sita sizitaji kwa bahati. Wengi waliweka alama ya mahali walipo kila dakika sita, kwa kuwa dakika sita ni sehemu ya kumi ya saa. Ukitaka kujua kasi kutokana na umbali uliokwenda unasogeza nukta tu, hata kama una baridi, usingizi na hofu. Kwanza aliweka alama zake kwa msaada wa mitambo ya redio iliyorusha ishara kutoka Uingereza. Ndege ikishaingia bara la Ulaya, Wajerumani walizijaza ishara hizo makelele mpaka zisifae, na kuanzia hapo nevigeta akabaki na penseli. Akikosea, ndege inatoka kwenye msururu wa mamia ya ndege zinazokwenda pamoja gizani. Ndege iliyo peke yake ndiyo windo jepesi kwa rada za chini na wawindaji wa usiku, yaani ndege za kivita za Kijerumani zilizowinda gizani.

Ndege aliyopewa Smythe ilikuwa Stirling, kubwa, ndefu, yenye injini nne na kasoro moja iliyoua watu wengi: haikuweza kupanda juu. Ikiwa na mzigo ilihangaika karibu na futi 16,000, wakati ndege nyingine za mabomu, Halifax na Lancaster, zilipita juu yake. Mizinga iliifikia kirahisi, na mara nyingine hata mabomu ya wenzao yaliiangukia kutoka juu. Kuhusu hatari kwa jumla, takwimu ya kamandi ya ndege za mabomu inajulikana na haijawahi kuzoeleka: kati ya warukaji wapatao 125,000, waliokufa ni 55,573. Zamu moja ilikuwa safari 30. Ukizimaliza unapumzishwa.

Smythe alikuwa amebakiza safari chache tu afikishe 30.

Kikosi chake, cha 623, kiliundwa Agosti 1943 huko Downham Market, katika mkoa wa Norfolk, na kilivunjwa Desemba mwaka uleule. Kiliishi miezi isiyofika minne. Usiku wa 18 Novemba 1943 RAF ilianza kampeni kubwa ya kuipiga Berlin, ikapeleka huko Lancaster 440. Ili kuwagawanya wawindaji wa Kijerumani, ndege nyingine 395, zikiwemo Stirling 114, zilitumwa Mannheim na Ludwigshafen. Chambo, kwa lugha ya wazi. Berlin ilikula ndege 9. Mannheim ilikula 23, na Stirling zilikuwa 9 kati ya hizo. Ya Smythe ilikuwa mojawapo. Siku chache baadaye, baada ya safari ya Berlin ya tarehe 22, makamanda waliamua kwamba Stirling zisitumwe tena Ujerumani.

Kwa maelezo yake mwenyewe ya miaka ya baadaye, walikuwa kwenye futi 16,000 wawindaji walipotokea ghafla, ndege ikashika moto, kurunzi kubwa za kumulika anga zikawanasa, na vipande vya chuma vikapenya kutoka chini vikamwingia tumboni na kwenye kinena. Aliruka kwa mwavuli akiwa anavuja damu.

Mtu mweusi ghalani, na cheo begani

Alijificha ghalani, nyuma ya majani makavu. Askari wakaingia wakamimina risasi ovyo. Akaamua kujitokeza. Alichosimulia baadaye ni kwamba wale Wajerumani walisimama wakimtumbulia macho. Mtu mweusi walikuwa hawajamtarajia, tena ofisa, tena mwenye urefu wa futi sita na inchi tano. Aliamini kwamba mshangao ule ndio uliomwokoa asipigwe risasi palepale.

Yeye alikuwapo, mimi sikuwapo, sina haki ya kumbishia kuhusu zile dakika za kwanza. Ila mshangao hauwezi kumlinda mtu mwaka mmoja na nusu. Hapo ndipo karatasi nyingine inapoingia.

Miaka mitatu nyuma, Juni 1940, jeshi la Ujerumani lilipoivamia Ufaransa, liliwakamata maelfu ya askari wa Afrika Magharibi waliopigana chini ya bendera ya Ufaransa. Mahali pengi hawakuhesabiwa kuwa mateka wa vita. Chasselay, karibu na Lyon, walitengwa na wenzao Wazungu, makumi wakauawa baada ya kusalimu amri. Wauaji walikuwa wamelishwa kwa miaka mingi propaganda kuhusu Waafrika waliowekwa na Ufaransa katika bonde la Rhine baada ya vita ya kwanza. Kwa hiyo Mwafrika mwenye sare kukamatwa na Mjerumani hakukuwa na uhakika wowote wa uhai, na Smythe aliangukia nchi hiyohiyo.

Kilichotofautisha hali yake ni mambo mawili. La kwanza ni Mkataba wa Geneva wa 1929 kuhusu wafungwa wa vita, ambao Ujerumani iliuridhia mwaka 1934, na ambao kwa wafungwa wa Uingereza na Marekani iliufuata kwa kiasi kikubwa. Haikufanya hivyo kwa upole wa moyo. Uingereza nayo ilikuwa na wafungwa wa Kijerumani, na kila upande ulijua ukimdhuru wa mwenzio, wako atadhurika. Wasovieti hawakuwa wameuridhia mkataba huo, na wafungwa wao walikufa kwa mamilioni katika kambi za Wajerumani. La pili ni cheo. Mkataba uliagiza maofisa watendewe kulingana na vyeo vyao na wasilazimishwe kufanya kazi. Ile alama ya uofisa, ambayo mwanzoni mwa 1939 sheria ya Uingereza isingempa, sasa ilikuwa ikifanya kazi mbele ya adui.

Kuna kifungu kimoja cha mkataba huo kinachonishangaza kila nikikisoma. Cha tisa kilizitaka nchi, kadiri iwezekanavyo, ziepuke kuwaweka wafungwa wa mataifa na rangi tofauti katika kambi moja. Maana yake sheria ileile iliyomlinda Smythe ilimpa Mjerumani ruhusa ya kumtenga. Hakutengwa. Baada ya kuhojiwa karibu na Frankfurt alipelekwa Stalag Luft I, kambi ya maofisa wa anga huko Barth, kwenye pwani ya Baltiki, akakaa na Waingereza wenzake. Waliotengwa katika kambi hiyo walikuwa maofisa wa Kiyahudi, waliohamishiwa mabanda ya peke yao Januari 1945. Ubaguzi wa Wanazi ulikuwa na mpangilio wake, na mtu mweusi mmoja mwenye cheo cha Uingereza hakuwa juu ya orodha.

Kambini Smythe alisaidia kamati ya kupanga utoroshaji. Mwenyewe hakujaribu kutoroka, na sababu yake aliieleza kwa utani ulionyooka: mtu mweusi mrefu kiasi kile asingefika mbali Pomerania.

Walinzi waliondoka usiku wa 30 Aprili 1945, Wasovieti wakafika siku iliyofuata. Kambi ilikuwa na watu wapatao 9,000, wengi wao Wamarekani.

Utetezi bila shahada, na ile meli

Hapa ndipo habari nyingi huruka. Vita ilipoisha, Uingereza ilikuwa na maelfu ya wanaanga kutoka Karibi na wachache kutoka Afrika, wamekaa kambini wakisubiri meli za kuwarudisha. Kusubiri kulizaa matatizo: ugomvi, utoro, utovu wa nidhamu, na mashtaka ambayo mengine yalinukia rangi. Smythe alipewa kazi ya kuwashughulikia watu hao, na katika kazi hiyo akaanza kuwatetea mbele ya mahakama za kijeshi.

Aliwezaje, naye hajasomea sheria? Utaratibu wa kijeshi wa Uingereza ulimruhusu mshtakiwa kutetewa na ofisa yeyote. Hakuhitaji leseni. Alihitaji kusoma kanuni, kuhoji mashahidi na kusimama mbele ya jopo la maofisa wenzake bila kutetemeka. Ukishakaa miaka kwenye kazi ambayo kosa dogo la penseli linaua watu saba, kupekua jalada la ushahidi si kazi ya kukutisha. Kuingia kwake sheria kulianzia hapo, na alikuwa bado amevaa sare ya bluu.

Mwaka 1948 alikuwa ofisa msimamizi katika Empire Windrush, meli iliyokuwa ikiwarudisha wanajeshi Karibi. Meli yenyewe ilikuwa nyara. Iliundwa Hamburg ikiitwa Monte Rosa, Wanazi wakaitumia kwa shughuli zao, ikiwemo kuwasafirisha Wayahudi wa Norway, Waingereza wakaichukua 1945. Kinachosimuliwa ni kwamba walipofika, wanajeshi wakaona hakuna kazi visiwani, wengi wakataka kurudi nayo, na Smythe akaipendekezea Wizara ya Makoloni iwakubalie. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe. Safari hiyo hutajwa sana kama mwanzo wa jamii ya Wakaribi nchini Uingereza, na kutoka hapo baadhi ya waandishi wamemgeuza Smythe kuwa mtu aliyeianzisha jamii hiyo.

Hilo ni kumtwisha mzigo usio wake. Gazeti la Daily Gleaner la Kingston lilikuwa na tangazo la nafasi za bei nafuu katika meli hiyo tangu katikati ya Aprili 1948, pauni 28 na shilingi 10 kwa sitaha ya askari. Nauli ililipwa na abiria, si na Serikali. Pendekezo la Smythe lina maana, kwa kuwa lilitoka kwa ofisa mweusi aliyewajua watu hao, lakini meli ingejaa hata bila yeye.

Fundo la pili ni la kisheria, na linakosewa hata na watu makini. Husemwa kwamba abiria wa Windrush waliingia kwa sheria mpya ya uraia ya 1948. Angalia tarehe. Meli ilitia nanga Tilbury 21 Juni, abiria wakashuka tarehe 22. Sheria ya uraia ilipata idhini ya Mfalme 30 Julai na kuanza kutumika 1 Januari 1949. Walioshuka siku ile waliingia kwa haki ya zamani kabisa, ileile aliyozaliwa nayo Smythe Freetown: raia wa Mfalme anaweza kuingia Uingereza. Hakuna aliyewapa ruhusa, kwa kuwa hawakuihitaji.

Na Serikali haikuwakaribisha kwa shangwe kama filamu za siku ile zinavyoonyesha. Meli ikiwa bado baharini, Waziri Mkuu Clement Attlee aliulizia kama ingeweza kugeuzwa ielekee Afrika Mashariki, abiria wake wapewe kazi katika mradi wa karanga. Naam, ule wa Tanganyika, wa Kongwa, uliovunjika mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni na kuvuna karanga za kutia aibu. Watu waliotumikia RAF wakati wa vita walifikiriwa kupelekwa kung'oa visiki Ugogoni, na Ugogo haukuulizwa.

Kwa nini sheria

Smythe alisomea uwakili London, akahitimu, akarudi Freetown, akaingia katika ofisi ya wanasheria wa Serikali. Alipanda ngazi, akapata hadhi ya wakili wa Malkia, akafika kuwa Mwanasheria Mkuu. Sehemu hii ya maisha yake ni ndefu kuliko ya vita, lakini ushahidi wake umejificha kwenye majalada, na mimi sitajifanya nimeupekua.

Swali la maana ni kwa nini sheria, wala si udaktari au uhandisi. Jibu linaanza kabla hajazaliwa. Mwaka 1902 Uingereza iliunda idara moja ya tiba kwa makoloni yake ya Afrika Magharibi na kuifungia Waafrika, hata wale waliokuwa tayari madaktari waliohitimu Ulaya. Uwakili haukuweza kufungwa hivyo. Aliyepokelewa na vyama vya mawakili vya London aliweza kufungua ofisi mtaani Freetown, Accra au Lagos na kuajiriwa na wateja wake. Hakuhitaji kibali cha gavana ili ale. Ndiyo maana mwanasheria Mkrio Samuel Lewis alifika kuwa meya wa kwanza wa Freetown 1895 na kupewa heshima ya kuitwa "Sir" mwaka uliofuata, na ndiyo maana Stella Thomas, yule dada wa rubani, aliweza kufungua ofisi ya uwakili Freetown katika miaka ya 1930. Smythe aliingia njia iliyokwisha kukanyagwa.

Linganisha na kwetu. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961 ikiwa na mawakili Waafrika wa kuhesabu kwa vidole. Wakoloni wa huku hawakutaka kuzaliwa akina Lewis wengine, na kitivo cha kwanza cha sheria Afrika Mashariki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka huohuo wa 1961, mwezi Oktoba.

Kuna kisa kingine kinachopendwa kuhusu miaka yake ya Freetown. Inasemwa katika tafrija ya kibalozi alizungumza na balozi wa Ujerumani, wakaanza kukumbushana vita, wakalinganisha tarehe na mahali, na balozi akatambua kwamba yeye ndiye aliyeitungua ndege ya Smythe. Wakakumbatiana. Familia imekisimulia, na maelezo ya Smythe kwamba walishambuliwa na wawindaji hayapingani nacho. Hata hivyo usiku ule eneo la Mannheim lilipoteza ndege 23, mizinga na wawindaji wakifanya kazi pamoja, na kulinganisha tarehe kwenye tafrija miaka mingi baadaye hakuthibitishi ni ndege ipi. Wawindaji wa usiku waliandika madai yao kwa saa na mahali, kwa hiyo ni jambo la kuchunguzika. Hadi lichunguzwe, mimi nalihesabu kuwa simulizi la familia, zuri, la kusikilizwa kwa heshima.

Kinachonivutia zaidi ni kitu kisichohitaji tafrija. Errol Barrow wa Barbados alikuwa nevigeta wa RAF, akarudi kwenye masomo London, akawa wakili, akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi yake ilipopata uhuru 1966. Ulric Cross wa Trinidad alikuwa nevigeta, safari 80, nishani mbili za juu za ushujaa, akawa wakili 1949. Smythe, nevigeta, wakili. Watu watatu si takwimu, lakini mfanano wao unaelezeka. RAF iliwaweka kwenye meza ya ramani vijana wa makoloni waliofaulu hesabu na kuandika vizuri, yaani zao la zile sekondari chache za Freetown, Bridgetown na Port of Spain. Cheti hichohicho cha shule ndicho kilichotakiwa na vyama vya mawakili vya London. Baada ya vita kulikuwa na ruzuku za masomo kwa waliotoka jeshini, na walikuwa tayari wako Uingereza, wamezoea kusimama mbele ya Wazungu wakiwa na cheo. Mlango wa ndege na mlango wa mahakama ulifunguliwa na ufunguo mmoja, na wengi wa wenzao wa Afrika hawakuwahi kuushika.

Kati ya hao watatu, Cross ndiye aliyefika kwetu. Alipitia Ghana na Kamerun kama mwanasheria wa serikali, na mwaka 1967 akateuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, akafanya kazi hapa hadi 1971. Smythe alimalizia miaka yake Uingereza, akafariki 1996. Hukumu za Cross bado zimo katika vitabu vya kesi za Tanzania, na wanafunzi wa sheria wa Mlimani huzinukuu bila kujua kwamba aliyeziandika alikwenda juu ya Berlin zaidi ya mara 20 akiwa na penseli mkononi.